Ndugu yako kazama kwenye madeni: umkazie alipe mwenyewe au umshike mkono?

Naandika hii kwa mtu ambaye sa hivi ana mesej kwenye simu na hajaijibu. Imetoka kwa dada, au kwa mdogo wako, au kwa shoga yako wa miaka mingi, imeandikwa "mambo, naomba nikupigie nina shida kidogo" na wewe unajua kabisa hiyo shida kidogo ni ipi maana hii ni mara ya tatu mwaka huu. Moyo nusu unakwambia mtumie, nusu unakwambia mwache safari hii alipe mwenyewe ajifunze. Hizo njia mbili ndo nataka tuziweke ubavu kwa ubavu tuziangalie, ile ya wajibu na ile ya huruma, kwa sababu mi nimezitumia zote mbili kwa watu wawili tofauti na kila moja niliipeleka kwa mtu aliyehitaji ile nyingine. Mmoja nilimkazia wakati alitakiwa ashikwe mkono, mwingine nikambembeleza wakati alitakiwa akaziwe. Wote wawili ni watu wangu, nawapenda, na bado inaniuma.

Wajibu: aliyekopa ndo alipe

Watu wanaosema hivi wanaonekana wana roho ngumu lakini tuwasikilize vizuri kwanza maana hoja yao ni nzito. Sisi tumelelewa kwamba dawa ya deni ni kulipa. Nenda msibani hapa Dar, kwa Waislamu au kwa Wakristo, mwili haujatoka na kuna mzee atasimama aseme kama kuna mtu anamdai marehemu aje aonane na familia, yani hata kufa hakufuti. Waislamu wanaijua ile habari ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.), akauliza huyu anadaiwa, wakasema ndio, akawaambia basi mswalieni mwenzenu, na hakumswalia yeye mpaka Abu Qatada aliposema deni lake nalibeba mimi. Na Zaburi ya 37 imemweka anayekopa bila kulipa upande wa waovu kabisa. Hii sio tabia ya mabenki, ni kitu kiko ndani ya jinsi tunavyoishi, ukichukua cha mtu umechukua amana yake.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa huruma hatupendi kuliangalia, kwamba kila deni lina mtu upande wa pili. Mangi mwenye duka la mtaani anakopesha unga na mafuta kwenye daftari, mtaji wake wote pengine ni milioni mbili, watu kumi wakimkwama kwa wakati mmoja duka linaanza kuwa na shelfu tupu. Au chukua VICOBA, hivi vikundi vya mtaani vya kuweka na kukopa. Wamama ishirini na kitu wanakaa kila wiki, wananunua hisa, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu tofauti ili asiwepo hata mmoja wa kulifungua peke yake, na wote wanasubiri mwezi wa 12 kikoba kivunjwe wagawane maana Januari ada zinaanza. Sasa mmoja kakopa laki 5 na harudishi, anatia huruma kweli, mume kaumwa, biashara imelala. Ukisema asamehewe, hiyo huruma umeitoa kwenye mfuko wa nani? Umeitoa kwenye ada ya mtoto wa mwenzake ambaye naye anauza ndizi juani. Kusamehe pesa ya mtu mwingine ni rahisi sana.

Na kingine, mtu akibebewa kila mara anazoea, hili tunalijua wote, hatuhitaji kuambiwa na mtaalamu.

Huruma: mtu kwanza, deni baadae

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndo nilipokosea zaidi.

Nina jirani, mama wa watoto watatu, alikuwa anauza vitumbua na chai asubuhi na mchana anauza mbogamboga kwenye kimeza nje ya geti. Mchapakazi, alikuwa anaamka saa tisa usiku. Mwaka mmoja mtoto wake wa kati aliumwa akalazwa, akakopa kwenye hizi ofisi ndogo tunazoziita kausha damu. Kama uko mbali na hujawahi kuzisikia nieleze kidogo, unaenda asubuhi, unajaza fomu, unaandikisha vitu vya ndani kama dhamana, TV, friji, kitanda, godoro, mara nyingine wanakuja kuvipiga picha, na mchana hela iko mkononi. Hakuna maswali mengi na ndo maana watu wanaenda. Marejesho ni kila siku au kila wiki, afisa mikopo anapita mwenyewe hapo hapo kwenye biashara yako na kijitabu.

Alikopa 300,000. Wakakata hela ya fomu na nini nini, akapewa 280,000 mkononi. Marejesho 13,000 kila siku kwa siku 30, hiyo ni 390,000. Yani kwa mwezi mmoja hela aliyoishika imezaa 110,000 juu yake. Siku ukikosa faini 5,000, na mtu anayeuza vitumbua mvua ikinyesha siku nne mfululizo atakosa tu hata angekuwa malaika. Akaanza kukopa kwa wa pili ili amlipe wa kwanza, kisha wa tatu. Kukopa huku kulipa kule. Mume hajui, maana wengi wanakopa kwa siri, hicho nacho ni kilio chake kingine.

Alipokuja kwangu mi nilimjibu neno ambalo sitalisahau. Nilimwambia "wakati unakopa hukunishirikisha, na kulipa usinishirikishe." Nikaona nimeongea point. Siku tatu baadae alitoka nyumbani alfajiri kama anaenda sokoni akaenda moja kwa moja, simu imezimwa, watoto wamebaki kwa bibi yao, na wale watu wakaja wakabeba friji na godoro mchana watu wanaangalia. Alirudi baada ya wiki mbili kwa sababu shemeji yake alimfuata. Ndo nikamwita, tukakaa sakafuni chumbani kwangu, tukachukua daftari la mtoto la hesabu kurasa za nyuma na kuandika kila kitu, nani, lini, kiasi gani, umelipa kiasi gani.

Yule mkopeshaji wa kwanza peke yake alishalipwa 520,000. Kwa mkopo wa 300,000. Na kwenye kijitabu chake bado alikuwa anaandikwa anadaiwa 180,000.

Mi nilikuwa namwona mama asiyelipa madeni. Kumbe alikuwa analipa kuliko mtu yeyote mtaani kwetu, analipa kila siku ya Mungu, na nilimfunga mlango nikijiona naheshimu wajibu. Sasa hapa ndo ile njia ya kwanza inapotakiwa ijibu swali, wajibu wa kulipa kitu gani? Kile ulichochukua, au chochote mtu atakachoandika kwenye kijitabu?

Sheria yenyewe haiko upande wa kijitabu. Tanzania tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, imewapanga wakopeshaji kwenye madaraja manne, na hawa wasiopokea amana, kampuni za mikopo na watu binafsi wanaokopesha, wako daraja la pili na wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu, yani BoT. BoT waliweka ukomo wa riba kwa daraja hilo, asilimia 3.5 kwa mwezi. Piga kwa mkopo wa 300,000 inakuja 10,500 kwa mwezi. Linganisha na ile 110,000 halafu uniambie nani kakosa wajibu wake pale. Na wale wanaowachukulia walimu na wastaafu kadi za benki pamoja na namba za siri, mshahara ukiingia wanatoa wao kwanza, hilo nalo limekatazwa ila bado linafanyika.

Na dini zile zile tulizoanza nazo zinaendelea kusema. Kwenye Al-Baqara aya ya 280 inasema mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate nafasi, na ukimwachia kama sadaka ni bora zaidi kwako. Kwenye mafungu nane ya zaka yaliyotajwa At-Tawba 60 wamo wenye madeni, wametajwa kabisa kama kundi la watu wenye haki ya kusaidiwa. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 24, sura hiyo mi nikiisoma naona kama imeandikwa kwa ajili ya mitaa yetu, inakataza kuchukua jiwe la kusagia la mtu kuwa rehani kwa sababu ni kama umechukua uhai wake, na inamwambia mkopeshaji asiingie ndani ya nyumba kuchukua rehani, asimame nje, mwenye nyumba ndo amtolee. Cherehani ya fundi, jiko la mama ntilie, friji la anayeuza barafu, hayo ndo mawe ya kusagia ya kwetu. Rehani inaruhusiwa pale, deni linatambuliwa, ila kuna mstari mlangoni.

Upande ambao huruma inaharibu

Baada ya hayo nikageuka nikawa mtu wa huruma tupu. Na hapo ndo mdogo wangu wa kiume akanipata.

Yeye ni wa simu. Mikopo ya kwenye apu, unapakua, unaruhusu isome majina yako yote kwenye simu, dakika tano hela imeingia. Akichelewa wanaanza kutuma mesej kwa watu, kwa bosi wake, kwa mchungaji, kwa mchumba, kwamba huyu tapeli kakimbia na hela na namba yako kaiweka wewe kama mdhamini. Mi nilitumiwa hiyo mesej nikiwa kazini, nikatetemeka, nikalipa siku hiyo hiyo 150,000. Baada ya miezi miwili 200,000. Ya tatu 400,000. Jumla 750,000 na sikuuliza swali hata moja kwa sababu nilikuwa nawaza yule mama jirani na lile godoro.

Kumbe kila nilipolipa, kiwango chake kwenye ile apu kilikuwa kinapanda, maana mfumo unamwona mteja mzuri anamaliza deni. Kwahiyo hela yangu ndo ilikuwa inamfungulia mkopo mkubwa zaidi. Na mkopo ulikuwa unaenda kwenye kubeti. Nilikuja kujua nilipogoma mara ya nne, nikamwambia sitoi shilingi mpaka uniandikie orodha ya kila unayedaiwa na hela ilienda wapi, akakasirika wiki mbili hapokei simu, akaja mwenyewe usiku akaongea. Sikumtukana. Ila pia sikumlipia.

(Kuhusu hizo apu, Novemba 2024 BoT walitoa orodha ya apu na majukwaa 69 ya kukopesha ambayo hayana leseni, wakayapiga marufuku. Na toka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwahiyo kuchukua majina ya watu kwenye simu yako na kuwatangazia deni lako ni jambo la kulalamikia, sio jambo la kuinamisha kichwa tu. Angalia kama apu inayomdai ndugu yako imo kwenye hiyo orodha kabla hujatuma hata mia.)

Sasa tuziweke pamoja

Kwa hesabu ya pesa tupu, wajibu unashinda pale deni ni la haki na mdaiwa ana kipato. Akijipanga analipa, inaisha, na anabaki na heshima yake kwa mangi na kwa wenzake wa kikoba. Huruma inashinda pale riba ishapita mkopo wenyewe, maana pale kumwambia mtu ajitahidi alipe ni kumwambia ajaze ndoo iliyotoboka.

Kwa upande wa ukweli kutoka, hapa sina shaka yoyote, huruma inashinda. Mtu anayejua atafokewa hakuambii deni lote. Atakwambia laki 2 wakati ni laki 9. Yule mama mara ya kwanza alipokuja aliniambia laki 1 na nusu tu, baadae kwenye daftari ilikuwa karibu milioni kwa wakopeshaji wote. Aibu inafanya watu wafiche, na deni lililofichwa linaota mizizi. Kwahiyo hata kama wewe ni mtu wa wajibu kabisa na hutaki kutoa hata senti, sikiliza kwa upole, vinginevyo utakuwa unashauri kuhusu namba za uongo.

Kwa upande wa kubadilika kwa mtu, wajibu. Nimeona kwa mdogo wangu, nikilipa alikuwa anapumua siku tatu anarudi kule kule. Nilipoacha kulipa lakini nikaendelea kumpikia na kumsikiliza ndo kikaanza kubadilika kitu.

Kwa upande wako wewe unayeombwa, jamani usikope ili umkomboe mtu. Na usisaini udhamini kwa sababu ya kuona aibu kukataa. Watu wanadhani kusaini ni huruma ya bure kwa kuwa hela haijatoka leo, lakini mdhamini akisaini kajiweka kwenye nafasi ya mdaiwa, mwenzio akikimbia wanakuja kwako, na kwenye mikopo ya vikundi ni hivyo hivyo, mmoja akikwama wote mnachangishana mnalipa au hamtoki pale ofisini. Methali sura ya 6 inamwambia aliyemdhamini jirani yake akajiokoe haraka bila kulala. Bora utoe 50,000 yako ukijua imeenda kuliko saini ya milioni.

Na tukiuliza mdai ni nani, mizani inageuka kabisa, na mi naona hili ndo swali la kwanza la kuuliza kuliko hata swali la alikopea nini. Kama anayedai ni mtu maskini mwenzake, mangi, shoga, mwanakikoba, fundi aliyefanya kazi hajalipwa, basi uwe upande wa wajibu hata kama unampenda ndugu yako vipi, msaidie alipe polepole lakini alipe, maana yule mdai naye ni wa kuonewa huruma. Kama anayedai ni mtu aliyeshapata hela yake na faida na bado anakamua, simama na ndugu yako.

Kuhusu sababu ya deni, watu wanapenda kusema ugonjwa msaidie, sherehe mwache. Inasaidia lakini sio sana. Kukopa harusi kulipa matanga tumeimba toka utotoni na bado kuna mtu kakopa kwa ajili ya sherehe kwa sababu ukoo mzima ulimsukuma na kamati ikamwandikia mchango asioweza. Na aliyekopa kwa ugonjwa anaweza akawa leo anakopa kwa mazoea. Angalia deni linaendaje sasa kuliko lilivyoanza.

Kwa hiyo uchague ipi

Ningekuwa mimi ndo nimeshika hiyo simu yako ningejibu leo, nisingemwacha anasubiri, na ningemwambia njoo na daftari. Hapo sijasema ndio wala hapana. Muandike pamoja majina ya wadai, alichopokea mkononi, alichoshalipa, wanachosema kimebaki. Hilo daftari litakuamulia mambo mengi kuliko moyo wako. Ona jinsi Al-Baqara ilivyopangwa, ile aya ya 280 ya kumpa mtu muda, na 282 ambayo ndo aya ndefu kuliko zote kwenye Qurani, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo, katikati yake kuna aya moja tu. Wanaozigombanisha ni sisi.

Daftari likionyesha kashalipa zaidi ya alichokopa kwa mtu asiye na leseni, chagua huruma na uichague kwa nguvu. Nenda naye serikali ya mtaa, nenda na zile risiti na kijitabu chao, msiende mmoja mmoja. Sisi tulienda watu wanne na mjumbe, yule wa kwanza alipoona kuna hesabu imeandikwa na watu wanamwangalia, ile 180,000 ikawa 60,000 mara moja na godoro likarudi, friji hawakurudisha. Wa pili alikubali kupokea kwa wiki badala ya kwa siku na kusimamisha faini. Hela niliyotoa mimi siku hiyo ilikuwa 60,000 tu. Ningeitoa siku ile ya kwanza bila daftari ingeishia kwenye faini.

Likionyesha anadaiwa na watu wa kawaida na ana kipato japo kidogo, chagua wajibu, ila uwe wewe wa kumsindikiza. Muende wote kwa mdai, aombe mwenyewe kwa mdomo wake, apendekeze kiasi anachoweza kweli. 10,000 kwa wiki inayolipwa ni bora kuliko ahadi ya laki mwisho wa mwezi. Wengi hawakatai, kinachowaumiza ni mtu kukwepa njia ya dukani.

Akikataa kuandika, hataki uone mesej za simu, anakwambia we nitumie tu nitakuelezea, usitume. Mpe chakula, lipia daladala, chukua watoto wake wale kwako, lakini pesa taslimu usitume, hasa ukihisi kuna kubeti au pombe ndani yake.

Na kama hana kitu kabisa, mgonjwa, mzee, mjane aliyeachiwa deni la mume, hapo sina mlinganisho wowote, msaidieni. Changeni. Tunachanga milioni kwa sherehe ya usiku mmoja.

Kuna mtu ataniuliza hakuna namna ya kuzifanya zote mbili kwa pamoja kwa watu wengi? Ipo, na majirani zetu walishaifanya. Kenya mwezi Novemba 2022 Benki Kuu yao ilileta utaratibu kwa waliokwama mikopo midogo ya simu ya mabenki, mabenki yakakubali kupunguza angalau nusu ya deni, mdaiwa akapewa mpaka mwisho wa Mei 2023 kulipa nusu iliyobaki, na hadhi yake kule CRB, ofisi zinazotunza kumbukumbu za nani analipa mikopo na nani halipi, ikabadilishwa asibaki anahesabika mtu asiyelipa. Nusu imesamehewa, nusu imelipwa. Mi napenda sana ule mpango kwa sababu haukumwambia mtu deni lako si kitu, na haukumwacha kwenye orodha maisha yake yote kwa ajili ya shilingi mia tano.

Lakini hata bila Benki Kuu, wamama wa VICOBA wamelimaliza hili zamani. Kwenye lile sanduku kuna hela za hisa na kuna hela za mfuko wa jamii, haziwekwi pamoja, zinahesabiwa mbali mbali mbele ya wote. Ukikopa hisa unarudisha na ukichelewa faini inakuhusu hata kama wewe ni mwenyekiti. Ukifiwa au ukilazwa unatolewa kwenye jamii na huulizwi utarudisha lini. Mtu mmoja anaweza siku hiyo hiyo akapigwa faini ya hisa na akapewa hela ya msiba, na hakuna anayeona ajabu. Nyumbani kwako pia unaweza kuwa na mifuko miwili hiyo. Mi sasa nina kiasi nakiweka pembeni kila mwezi, kidogo, hicho ndo cha huruma, kikiisha kimeisha, na nikikitoa sikiandiki kama deni la mtu maana ukijifanya umekopesha huku unajua hatalipa utaishia kumchukia bure.

Jambo moja tena kwa mwenye biashara ya kufufua. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, ile 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024, na haina riba. Yule mama yuko kwenye kikundi wanafuatilia. Nilimwomba kitu kimoja tu, hiyo hela ikitoka isiende kulipa wale watu, iende kwenye unga wa mchele na mkaa, na wale waendelee kulipwa kwa wiki kama tulivyoandikiana. Mume sasa anajua, ilichukua muda, yeye ndo anapeleka marejesho Jumamosi.

Mdogo wangu bado anadaiwa 86,000 na mangi wa kona, ni deni la vocha na mikate toka kipindi kile. Anapeleka 10,000 kila Ijumaa. Wiki iliyopita hakuwa nayo, akapitia dukani hivyo hivyo akamwambia mangi leo sina, nitaleta Jumatatu, na Jumatatu akapeleka. Nimeambiwa na mangi mwenyewe.